Waridi jekundu linalonukia halihitaji kampuni kubwa, lahitaji pua na subira

Nunua waridi jekundu kwa muuza maua mjini Mombasa leo, kisha ulitie puani. Rangi ipo, shina refu lipo, petali zimejipanga kama nguo iliyopigwa pasi. Harufu ndiyo mara nyingi haipo. Ukisikia chochote, ni ubaridi wa jokofu na nailoni lililofungiwa.

Kwetu Pwani hilo si jambo dogo. Lugha yetu yenyewe haikubali kuchanganya kunuka na kunukia, na mtoto akikosea husahihishwa papo hapo. Waridi kwetu halikuanza kuwa ua la kutiwa chupani na kuwekwa mezani. Lilikuwa la kunukia. Petali zake zilitiwa kwenye kikuba pamoja na asumini, rihani na mkadi, na maji yake yakawa marashi ya kunyunyiziwa wageni kwa mrashi, harusini na kwenye maulidi. Hadi leo, kila mwezi wa nne na wa tano, wanakijiji wa Jabal Akhdar kule Omani huchuma mawaridi asubuhi mapema na kuyapika ili wapate marashi.

Nikiwauliza watu kwa nini waridi la dukani halinukii, jibu ninalopewa huwa ni lile lile: "Mawaridi ya kisasa ndivyo yalivyo." Mimi sikubaliani. Harufu haikupotea yenyewe, iliachwa. Kilichoachwa na watu chaweza kurudishwa na watu, hata na mtu mmoja mwenye nafasi ndogo uani kwake. Ushahidi wangu ni waridi liitwalo Ena Harkness.

Fundi wa almasi

Albert Norman alikuwa Muingereza ambaye kazi yake ilikuwa ya almasi. Hakuwa na kampuni ya maua. Kuzalisha mawaridi kulikuwa kwake jambo la ridhaa, kama vile mtu wetu akitoka kazini huenda akatengeneza ngalawa ndogo za mashindano kwa sababu anazipenda.

Alichukua mawaridi mawili mekundu yaliyokuwepo wakati ule. La kwanza ni Crimson Glory, lililozalishwa Ujerumani na Kordes na kutolewa mwaka 1935. Ni jekundu lililokolea, laini kama mahameli, na harufu yake ni nzito. La pili ni Southport, la nyumba ya McGredy ya Ireland ya Kaskazini, jekundu la kung'aa. Norman akatia chavua, yaani ule unga wa manjano ulio katikati ya ua, kutoka waridi moja hadi jingine, akangoja mbegu, akazipanda.

Katika miche iliyoota ulikuwemo mmoja uliochukua mazuri ya pande mbili. Maua yake yalikuwa mekundu ya kung'aa, yenye umbo refu la kupendeza, na yalinukia. Mwaka 1945, vita kuu vya dunia vilipokuwa vikimalizika, waridi hilo lilipata medali ya dhahabu ya Chama cha Kitaifa cha Mawaridi cha Uingereza. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Waridi halipati medali mwaka linapoota. Katika miaka ambayo Waingereza walihimizwa kung'oa maua na kupanda viazi, yeye alikuwa akiutunza mche ambao mmoja wa wazazi wake alikuwa Mjerumani.

Mwaka 1946 kampuni ya Harkness ya mji wa Hitchin ililianza kuliuza. Jina Ena Harkness ni la mke wa Bill Harkness wa kampuni hiyo. Mwaka huo huo likatoka waridi jingine la Norman, Frensham, jekundu la kuota vishada. Kwa miaka mingi yote mawili yalikuwa miongoni mwa mawaridi mekundu yaliyopandwa sana katika bustani za Uingereza. Mtu wa ridhaa, na mawaridi mawili ya kutajika kwa mwaka mmoja.

Ena Harkness lilikuwa na ila yake. Shingo ya ua ni dhaifu, kwa hivyo ua likikomaa huinama, na anayetaka kuliona vizuri sharti ainame nalo. Miaka ya 1950 likatokea tawi lililobadilika lenyewe na kuwa la kutambaa, likaoteshwa likawa aina ya kupanda ukutani. Hapo ila ikageuka kuwa sifa. Ua linaloinama likiwa juu ya kichwa chako humtazama usoni yule anayepita chini yake.

Kwa nini linaitwa waridi la chai

Kundi la mawaridi haya ni machotara. Wazee wao wa upande mmoja ni mawaridi ya Ulaya, yaliyovumilia baridi na mengi yakitoa maua mara moja tu kwa mwaka. Wa upande wa pili ni mawaridi ya China, yaliyofika Ulaya kwa meli kuanzia mwisho wa karne ya 18 kwa kupitia Bahari Hindi hii hii yetu. Ya China yalikuwa na mambo mawili ambayo Ulaya haikuwa nayo vya kutosha: kutoa maua mwaka mzima, na wekundu wa kweli. Baadhi yao watu walisema yananukia kama majani ya chai, ndipo likapatikana jina la mawaridi ya chai.

Machotara wa pande hizo mbili ndio waitwao chotara wa chai. Kwa kawaida la kwanza kuhesabiwa ni La France, la mzalishaji Guillot wa Ufaransa, mwaka 1867. Utalijua kundi hili kwa ua moja kubwa juu ya shina refu, na kitovu kilichochongoka kama kilele. Waridi jekundu la dukani ni la ukoo huu huu. Kwa hivyo si kweli kwamba ukoo haunukii. Kuna tawi la ukoo linalonukia na kuna tawi lisilonukia.

Harufu hutoka wapi, na hupotelea wapi

Harufu ya waridi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi nyepesi zinazotengenezwa ndani ya petali na kupeperuka hewani. Mojawapo huitwa jeraniol, nyingine sitronelol, na nyingine alkoholi ya fenileti. Hiyo ya mwisho huyeyuka vizuri katika maji, na ni sababu moja ya marashi kushika harufu ya waridi hata baada ya mafuta kutengwa.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo yanayoeleza jambo hili vizuri. Walilinganisha mawaridi mawili mekundu, Papa Meilland linalonukia sana, na Rouge Meilland ambalo karibu halinukii. Wakakuta kimeng'enya kimoja, walichokiita RhNUDX1, kinachosaidia petali kutengeneza jeraniol. Katika waridi linalonukia kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu, na katika lile lisilonukia kilikuwa kama kimelala. Rangi ilikuwa ile ile nyekundu, ila jiko la harufu ndani limezimwa.

Nani alilizima? Hakuna aliyekusudia. Mzalishaji wa maua ya biashara huchagua mche wake kwa orodha: shina refu, ua linalodumu siku nyingi chupani, petali ngumu zisizochubuka ndani ya kasha, mavuno mengi kwa kila mita ya shamba. Waridi la Naivasha husafiri kwa lori, kisha kwa ndege, kisha kwa lori tena kabla ya kufika dukani Ulaya. Orodha hiyo ina maana kwa safari hiyo. Lakini harufu haikuwa juu ya orodha, na jambo usilolichagua kizazi baada ya kizazi hupotea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi wanunuzi tulisifu macho, tukasahau pua.

Kuna na jambo la afya. Mawaridi ya biashara hupigwa dawa za wadudu na za ukungu, kwa sababu yamekusudiwa kutazamwa. Hayakukusudiwa kulala kifuani mwa bibi harusi ndani ya kikuba, wala kutawanywa kitandani. Anayefunga vikuba akikosa waridi la uani akachukua la dukani, anauza kisichonukia na pengine chenye dawa.

Jinsi mtu wa ridhaa anavyozalisha waridi

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Yahitaji mkasi mdogo, kisahani, brashi ya rangi ya watoto, vifuko vya karatasi na uzi. Mimi huifanya kwenye miwaridi yangu iliyo kwenye madebe.

Chagua baba na mama. Angalau mmoja wao awe ananukia, na bora wote wawili. Chukua ua la baba lililofunguka nusu, kata vile vifuko vidogo vya manjano vilivyo katikati, uvitie kwenye kisahani mahali pakavu penye kivuli. Kesho yake vitakuwa vimetoa unga. Huo ndio chavua.

Ua la mama lishughulikie kabla halijafunguka, maana likifunguka litajichavusha lenyewe. Ng'oa petali zote, kata vifuko vyake vyote vya manjano, ubakishe nyuzi za katikati tu. Lifunike kwa kifuko cha karatasi ili nyuki asikutangulie. Kesho yake nyuzi hizo zikinata, zipake chavua ya baba kwa brashi au kwa ncha ya kidole. Funika tena, kisha funga kijikaratasi chenye majina ya wazazi na tarehe. Usiamini kumbukumbu zako, andika.

Ikishika, kitako cha ua huvimba kikawa tunda la mviringo. Isiposhika, hukauka na kuanguka. Tunda huchukua kama miezi 4 kuiva na kubadilika rangi. Ndani mna mbegu, mara nyingine chache, mara nyingine 20 au zaidi, zenye vinyweleo vinavyowasha, kwa hivyo usijikune macho.

Mbegu za waridi hungoja baridi ndipo ziote, na Pwani baridi hiyo hatuna. Tunayo jokofu. Zifunge katika karatasi yenye unyevu ndani ya kijimfuko, uziweke sehemu ya chini ya jokofu, si ya barafu, kwa wiki 6 hadi 10. Kwetu saa nzuri ya kuchavusha ni miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, kwa sababu joto la kaskazi huharibu kazi. Matunda huiva karibu na mwisho wa mwaka. Mbegu huzihifadhi kavu hadi Machi, ndipo nazitia unyevu na kuziingiza jokofuni, ili ziende udongoni Mei au Juni.

Mche wa chotara wa chai ukiota, waweza kutoa ua lake la kwanza baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miwili, ungali mdogo wa kutosha kwenye kikombe. Ua hilo la kwanza ni dogo na halisemi kila kitu. Mpe mche mwaka wa pili na wa tatu kabla ya kuhukumu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba hakuna miche miwili inayofanana. Mfano mzuri ni ndoa ya mawaridi mawili, Chrysler Imperial na Charles Mallerin. Kwa wazazi hao hao wawili yalipatikana Papa Meilland ya Ufaransa mwaka 1963, na Mister Lincoln na Oklahoma za Marekani mwaka 1964. Yote ni mekundu yaliyokolea, yote yananukia sana, na kila moja lina sura yake na tabia zake. Chrysler Imperial nalo ni la uzao wa Crimson Glory, kwa hivyo hao ni jamaa wa Ena Harkness. Kampuni kubwa huotesha maelfu kwa maelfu ya miche kila mwaka ili zipate michache ya kuuza. Mtu wa ridhaa hana wingi huo. Alichonacho ni kuujua kila mche kwa sura yake, na uhuru wa kuchagua anachokitaka yeye.

Ukishaupata mche unaouridhia, hauuongezi tena kwa mbegu, maana mbegu italeta watoto wengine. Unakata vikonyo ukavitia mchangani, au unapandikiza jicho lake kwenye shina la mwaridi wenye mizizi yenye nguvu, kama tunavyopandikiza maembe. Kila mwaridi wa Ena Harkness uliopo duniani leo ni kipande cha mche ule mmoja wa Norman.

Kwa nini tuzalishe hapa

Mtu atasema, si uagize tu Papa Meilland upande? Waweza. Lakini miwaridi mingi inayouzwa ilichaguliwa kwa hali ya Ulaya, au kwa nyanda za juu kama Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambako usiku kuna baridi. Huku kwetu usiku ni wa joto, hewa ina chumvi na unyevu, na ukungu wa madoa meusi hupukutisha majani. Udongo wetu wa matumbawe nao una chokaa nyingi. Mwaridi hushindwa kufyonza chuma, majani yakawa manjano na mishipa yake ikabaki kijani. Ndiyo sababu mimi hutumia madebe yenye samadi iliyooza vizuri, jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

Dawa ya kudumu ya haya yote ni mche uliozaliwa hapa. Ukiotesha mbegu 50 mjini Malindi bila kuzidekeza, hali ya hewa yenyewe itakusaidia kuchagua. Itakayokufa itakufa. Kati ya itakayobaki, usianze na macho. Ita wanawake wawili watatu wanaofunga vikuba, uwape maua asubuhi kabla jua halijapanda, bila kuwaambia lolote, uwaulize lipi wangelifunga. Kampuni hulipa wataalamu wa kunusa. Sisi tunao mitaani, Mji wa Kale na Lamu, ila hatujawahi kuwauliza.

Jina na haki

Norman alipolitoa waridi lake, Uingereza haikuwa na sheria ya kumpa mzalishaji haki juu ya mmea wake. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1964. Leo anayelijua jina la Ena Harkness ni rahisi zaidi kumpata kuliko anayemjua aliyelizalisha.

Kwetu Kenya sheria ipo. Ni Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, na shirika la KEPHIS ndilo linalosajili haki za wazalishaji. Kenya ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu mwaka 1999. Ili aina isajiliwe yapasa iwe mpya, iwe tofauti na nyingine zinazojulikana, miche yake ifanane, isibadilike ikiongezwa, na iwe na jina lake. Kulitumia waridi lenye haki za mtu kama mzazi wa kuzalisha aina mpya kunaruhusiwa. Kulikatia vikonyo na kuuza miche yake bila idhini ndiko kunakokatazwa. Tofauti hii ijulikane, maana wengine huogopa kisichokatazwa na wengine hufanya kilichokatazwa.

Kwa sasa mawaridi mengi yanayokuzwa katika mashamba yetu makubwa yalizalishwa na kampuni za nje, na mashamba huwalipa kwa kila mche. Mikono inayochuma ni yetu na maji ni yetu, lakini mwenye waridi yuko kwingine. Sidhani kuna haja ya kulalamika kuhusu hilo huku nyua zetu zikiwa tupu.

Kwa hivyo nina ombi moja kwa kila mwenye nyumba ya zamani yenye mwaridi unaonukia uani, hata kama maua yake ni madogo na umezeeka. Kabla hujaung'oa kupisha vigae au gari, kata vikonyo vitano, urefu wa kalamu kila kimoja, uvitie kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Viwili vikishika, kimoja mpe jirani. Huyo mzee aweza kuwa ndiye mama wa waridi letu, na akishang'olewa hakuna duka litakalotuuzia mwingine.